Kifurushi kikifika mlangoni, deni nalo limefika

Wenzangu wanablogu, habari zenu. Kabla sijaenda mbali naomba kitu kimoja. Kila aliyewahi kupewa kitu cha bure na kampuni halafu akaandika habari zake, anyooshe mkono. Haya, karibu ukumbi mzima, na wangu uko juu. Tushushe. Sasa anyooshe yule aliyepewa kitu cha bure, kikamuudhi, akaandika hadharani kwamba kimemuudhi na akakitaja kwa jina. Naona mikono sita, labda saba na yule wa nyuma kabisa. Basi mimi leo nimekuja kuongelea hiyo mikono iliyobaki chini, kwa sababu vitu vibovu ni vingi duniani, na haiwezekani kwamba sisi tuliojaa humu tunaletewa vizuri tupu.

Nianze na yangu.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa hedifoni. Boksi jeusi, zito, ndani juu kabisa kuna kadi imeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino, jina langu limeandikwa sawasawa hadi ile herufi ambayo watu wengi huikosea, na chini yake maneno machache ya kusifia posti yangu moja ya zamani ambayo nilidhani ilipita bila mtu yeyote kuijali. Nilisimama mlangoni nikaisoma ile kadi mara tatu. Hedifoni zenyewe zilikuwa nzuri kweli, sauti safi, besi haikuzidi, unavaa saa nne masikio hayaumi. Wiki ya tatu bawaba ya upande wa kushoto, pale zinapokunjikia, ikaanza kulia kri kri, nikazigeuza kwenye mwanga nikaona ufa mwembamba kama unywele. Nikajiambia labda nimezikunja vibaya. Nikamtajia juu juu yule mtu wa kampuni tuliyekuwa tunaandikiana, akaomba radhi sana, na siku mbili baadaye nikaletewa nyingine mpya. Nikakaa nikaandika rivyu, maneno kama mia nane hivi, nikaeleza sauti, nikaeleza betri, nikaeleza mpaka ule mfuko wake wa kubebea. Bawaba sikuiandika.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Sikuandika uongo hata sentensi moja. Kila neno nililoweka lilikuwa kweli, na juu kabisa ya rivyu niliandika kwamba nimepewa bure. Nilikuwa nimetimiza kila kitu ambacho ungeniuliza siku ile.

Miezi miwili baadaye msomaji mmoja akaniandikia. Alikuwa anasoma masomo yake kwa intaneti, nyumba ina watu wengi na kelele, akajinyima akakusanya pesa kwa muda mrefu, akasoma rivyu yangu akanunua zile zile. Bawaba ikakatika. Ya kushoto. Hakunitukana wala hakunilaumu, aliuliza tu swali moja mwishoni: "Zako bado ziko sawa?"

Nitarudi kwenye swali hilo. Kwanza nataka tuangalie kilichotokea kati ya ile kadi na ile rivyu, maana hakuna aliyenihonga, hakuna aliyenitumia imeli akisema bawaba usiitaje, wala kampuni haikuomba kuisoma rivyu kabla haijatoka. Nilifanya mwenyewe, kimya kimya, na wakati nafanya nilijiona mtu mwema.

Wahenga walisema mla cha mwenzake na chake huliwa. Tunautumia zaidi kuhusu ukarimu wa kawaida, wewe umekula kwangu kesho nitakula kwako, lakini usikilizeni tena mkiwa na kifurushi mkononi. Umekula cha kampuni, je chako kitakacholiwa ni kipi? Kampuni haina haja na sahani zako. Kitu pekee ulichonacho wewe ambacho kampuni inakitaka ni imani ya mtu anayekusoma. Hicho ndicho kinachoenda kuliwa, na ubaya ni kwamba imani hiyo hata si mali yako, umeazimwa na msomaji.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia Dennis Regan alichapisha jaribio dogo ambalo mimi nikilisoma najiona mwenyewe. Watu waliitwa mmoja mmoja kuja kutathmini picha za sanaa, wakiwa na mwenzao ambaye kumbe ni mtu wa watafiti. Kwa baadhi yao yule mwenzao alitoka kidogo akarudi na soda mbili za Coca-Cola, moja yake moja akamletea mwenzake, bila kuombwa. Baadaye akawaomba wanunue tiketi za bahati nasibu alizokuwa anauza. Waliopewa soda walinunua tiketi nyingi zaidi, karibu mara mbili ya wale ambao hawakupewa kitu. Halafu sikilizeni hii: kwa waliopewa soda, hata kama walimpenda yule mtu au hawakumpenda haikuleta tofauti kubwa, walinunua tu. Soda moja! Hawakuiomba, na sidhani hata mmoja wao angekubali ukimwambia amenunuliwa.

Mtu ataniambia hao ni watu wa kawaida, sisi tuna weledi wetu. Sawa, twende kwa watu wenye weledi kutuzidi. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA Internal Medicine lilitoa utafiti uliowaangalia madaktari zaidi ya 279,000 wa Marekani, ukalinganisha nani alilishwa mlo na kampuni za dawa na nani aliandikia wagonjwa dawa gani. Wastani wa mlo ulikuwa chini ya dola 20. Waliopokea hata mlo mmoja tu ndio walioonekana kuandika zaidi ile dawa iliyokuwa inatangazwa, na milo ikiongezeka na dawa zinaongezeka. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu, walisema huo ni uhusiano na haujathibitisha kwamba mlo ndio sababu. Nakubali. Lakini hawa ni watu waliosoma miaka na miaka na wana kiapo, sasa mimi na hedifoni zangu na kadi ya wino nitasimama wapi niseme mwenzenu hainigusi?

Najua jibu ambalo wengi mnalo mdomoni, kwamba mimi huwa naweka wazi, naandika nimepewa bure, basi msomaji anajua, anaamua mwenyewe. Na mimi nililisema hilo kwa miaka. Kuweka wazi ni lazima, hilo sitaki liwe na mjadala humu ndani, na tukumbuke halikuja hivi hivi. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilikuwa na mwongozo wa matangazo tangu 1980, na Oktoba 2009 ikautoa upya na kwa mara ya kwanza ikatutaja sisi wanablogu. Ndani yake kuna mfano wa mwanafunzi wa chuo anayejulikana kwa kuandika habari za michezo ya video, kampuni inamtumia mashine mpya ya michezo bure na kumwomba aiandikie, na mwongozo unasema wazi kwamba anatakiwa kutaja, kwa sababu wasomaji wake hawana namna ya kujua kwamba kapewa na jambo hilo linaweza kubadilisha uzito wanaoupa maneno yake. Huyo mwanafunzi ni wewe.

Haikuchukua muda. Januari 2010 kampuni ya nguo ya Ann Taylor iliwaalika wanablogu kuona nguo mpya za LOFT, chapa yake nyingine, wakaahidiwa zawadi, na watakaoandika waingie kwenye droo ya kadi za zawadi hadi dola 500. FTC ikachunguza. Mwishoni haikuchukua hatua, na moja ya sababu ilizotaja ni kwamba kampuni ilikuwa imeweka bango pale pale ukumbini likiwaambia wanablogu wazitaje zawadi, ingawa tume yenyewe ikaongeza kwamba haijulikani wangapi waliliona. Mimi hilo bango nalifikiria sana. Unajua kabisa kuna watu walilipita wakiwa na glasi mkononi.

Miaka mitano baadaye, Machi 2015, duka la Lord & Taylor lilimpelekea kila mmoja wa watu 50 maarufu wa mitindo gauni lile lile moja, wavae wapige picha waposti Instagram wikiendi moja, na juu ya gauni wakalipwa kati ya dola 1,000 na 4,000. Mkataba uliwataka waitaje kampuni na waweke alama reli yake, wala haukuwataka waseme wamelipwa, na kampuni ilizipitia posti kabla hazijatoka. Picha ziliwafikia watu zaidi ya milioni 11. Gauni likaisha dukani. Hebu jiweke kwenye nafasi ya msichana anayepitisha kidole kwenye simu, anaona huyu kalivaa, na yule kalivaa, na mwingine tena ambaye hata hawajuani na hao wawili, anajiambia basi hili gauni limependwa. Hakuna aliyelipenda, au labda walilipenda, hatutajua kamwe, na hapo ndipo ulipo ubaya wenyewe. Mwaka 2016 FTC ikaibana kampuni ikakubali masharti. Kampuni, nasema, maana sheria za Marekani mpaka hapo zilikuwa zinaikamata kampuni zaidi, wale 50 hawakushtakiwa. Ufaransa wameenda mbali zaidi, sheria yao ya Juni 2023 inamtazama mwenye kutangaza mwenyewe, awe kalipwa pesa au kapewa kitu, na ilipopitishwa iliweka kwamba akificha kuwa ni biashara adhabu inaweza kufika miaka 2 jela na faini ya yuro 300,000.

Kwa hiyo andikeni. Andikeni juu, kabla ya picha ya kwanza, kwa maneno ambayo mtoto ataelewa: kitu hiki nimepewa bure na kampuni fulani. Msiandike "shukrani kwa marafiki zetu wa kampuni fulani", hiyo ni shukrani tu, msomaji hajaambiwa kitu. Msiifukie chini kabisa katikati ya alama reli kumi na tano. Kwenye video itamke kwa mdomo, usiiache kwenye maelezo ambayo mtu haoni mpaka abonyeze.

Haya, umeandika. Sasa nataka niwaambie kitu kilichonitoa usingizi.

Mwaka 2005 watafiti watatu, Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore, walichapisha jaribio la chupa ya sarafu. Mtu mmoja anaonyeshwa ile chupa kwa mbali na kwa muda mfupi, anatakiwa akadirie ndani kuna pesa kiasi gani, na akipatia karibu analipwa. Mwingine ndiye mshauri wake, ameiona kwa karibu kwa nafasi, anampa ushauri. Wakati mwingine mshauri analipwa pale tu mwenzake anapokadiria juu sana, yaani ana faida ya kumpotosha. Na mara nyingine yule mkadiriaji anaambiwa wazi: mshauri wako analipwa ukikadiria juu. Sisi wote tungetegemea nini? Kwamba sasa mambo yamenyooka. Kumbe washauri ambao siri yao ilitolewa walitia chumvi zaidi kuliko wale ambao haikutolewa. Na wakadiriaji walipunguza kidogo kwenye ushauri, ila hawakupunguza vya kutosha kufidia ile chumvi iliyoongezeka, wakaishia kukosea zaidi kuliko wale ambao hawakuambiwa kitu.

Nikiwa nasoma hilo nikaikumbuka sentensi yangu ya juu kabisa, nimepewa bure, na nikakumbuka nilivyojisikia baada ya kuiandika. Nilijisikia mwepesi. Nimeshasema, msomaji ameshaonywa, sasa niko huru. Ule wepesi ndio ulionisaidia kuiruka bawaba. Na msomaji wangu afanye nini na onyo langu? Apunguze asilimia ngapi? Azitoe kwenye sauti au azitoe kwenye betri? Hajui nilichokiacha, na hakuna lebo inayoweza kumwambia.

Amazon waliliona hilo kwa ukubwa. Walikuwa wanaruhusu mtu kupewa bidhaa bure au kwa punguzo aandike maoni, mradi aseme hivyo kwenye maoni yenyewe, na watu wakasema kweli, maoni yakajaa ile sentensi kwamba nimepokea hiki kwa kubadilishana na maoni yangu ya dhati. Oktoba 2016 wakapiga marufuku, isipokuwa kwa vitabu, wakabakisha mpango wao wenyewe wa Vine ambamo wauzaji hawachagui nani apewe. Yaani sentensi ilikuwepo kila mahali, na bado haikutosha.

Kuna jambo jingine hatuliongelei kabisa na kwangu ndilo zito kuliko yote, nalo ni bei. Kitu ambacho hukukilipia huwezi kujua kama kinastahili bei yake. Unaweza kusoma bei, unaweza kuinakili kwenye jedwali, ila haijakuuma. Mtu aliyenunua kwa pesa yake kila akikivaa anajiuliza, je imefaa, ningebaki na ile ya zamani, ningesubiri? Hilo swali ndilo rivyu yenyewe, na mtu wa bure halisikii. Ndio maana rivyu zetu zinajaa "ni ghali kidogo lakini inastahili". Inastahili kwa nani? Mimi kwenye hedifoni niliandika kwamba bei ni ya haki. Niliijua bei ile kama ninavyojua urefu wa mto nilioufundishwa darasani na sijawahi kuuona.

Na siyo bei tu, hata kitu chenyewe unachopewa unaweza usiwe na uhakika kwamba ni sawa na cha dukani. Anayekutumia ana nafasi ya kukikagua kabla, kukijaribu, kuchagua kile kisicho na mkwaruzo. Halafu kikiharibika! Mimi nililetewa kipya siku mbili, mtu ananijua kwa jina, ananiomba radhi. Yule msomaji alijaza fomu kwenye tovuti, akaambiwa atume picha, akaambiwa atume risiti, akaambiwa kukunja vibaya hakuingii kwenye dhamana. Sisi tunaandika kuhusu maisha na kitu ambayo msomaji wetu hataishi kamwe.

Halafu kuna orodha. Kila kampuni ina orodha ya watu inaowatumia vitu, na hakuna anayekwambia umeondolewa. Unaandika kasoro mbili za kweli, wanakujibu kwa heshima, asante kwa maoni yako, tumeyafikisha kwa wahandisi. Kisha kimya. Simu inayofuata inatoka, wenzako wote wanayo siku ya kwanza, wewe huna. Hakuna tishio hapo la kupeleka popote, ila wewe umeshajifunza, na kijana anayeanza kesho ataangalia nani anapata na nani hapati, atajifunza bila hata kuguswa. Mwisho wa siku msomaji akitafuta habari za kile kitu anakuta rivyu ishirini, zote za watu waliobaki kwenye orodha. Anadhani amesikia ukumbi mzima kumbe amesikia upande mmoja.

Sasa nije kwa wale wanaoninung'unikia kimoyomoyo, na nawaheshimu, maana hoja yao ni ya haki. Wanasema wewe unaongea hivyo kwa sababu unaweza kununua. Mimi naanza, sina kitu, nikikataa vya bure sitaandika chochote, na uwanja utabaki kwa wenye pesa. Na mbona wahakiki wa vitabu wanapewa nakala bure miaka yote, na wahakiki wa tamthilia wanapewa viti?

Hili sina jibu rahisi. Kitabu ni kweli, wanapewa, na nadhani kinachowasaidia ni kwamba nakala zinakwenda kwa wengi, waliokisifia na waliokiponda, nyuma ya mhakiki kuna mhariri na gazeti linalomlipa, na kitabu ukishakisoma huna hofu kwamba mchapishaji akikukasirikia utakosa vitabu, dunia imejaa vitabu. Sisi nyuma yetu hakuna mtu. Sisi ndio mhariri, ndio mkaguzi, ndio mtu wa matangazo, wote ndani ya suruali moja, na ndio maana tunahitaji kuwa wakali na nafsi zetu kuliko wao.

Kupewa ni tofauti na kuazimwa, naomba wanaoanza walishike hilo. Desemba 2006 Microsoft pamoja na AMD waliwatumia wanablogu kadhaa kompyuta za Acer Ferrari zikiwa na Windows Vista ndani, kabla Vista haijaanza kuuzwa kwa watu wote. Kelele zilizopigwa wakati ule wenye umri wangu mtazikumbuka. Wapokeaji waliachiwa uamuzi, wabaki nayo, waigawe au wairudishe, na kelele zilipozidi Microsoft ikawaomba wasibaki nazo. Nadhani mzozo mzima ungekuwa mdogo sana kama barua ya kwanza ingesema tu: hii ni ya kuazima, tarehe fulani tunaichukua. Kitu unachojua utakirudisha unakitazama kwa jicho jingine, huanzi kukitafutia nafasi mezani.

Na wapo wanaofanya bila kupokea chochote. Consumer Reports ya Marekani, iliyoanza 1936, bidhaa inazozipima inazinunua dukani kama mteja yeyote bila kujitaja, na haichukui matangazo. Wana pesa za wanachama, najua, mimi na wewe hatuna. Ila kutoka kwao nimechukua kitu kidogo ambacho hakihitaji mtaji: kama huwezi kununua, andika kuhusu ulichonacho. Ile simu ya miaka minne mfukoni mwako, uliyoilipia mwenyewe, ina habari ambayo hakuna mtu wa orodha anaweza kuiandika, betri yake imebaki na nini, kitufe gani kimelegea, ungeirudia au la. Rivyu ya kitu cha miaka minne ndiyo iliyo adimu kuliko zote, na haina mshindani.

Mimi sasa nafanya hivi, na sidai ni kamili. Kabla kitu hakijatoka kwao naandika imeli fupi kwamba nitaandika nikitaka, kasoro nitazitaja, hamtaisoma kabla, na kitarudi baada ya wiki sita. Wengine hawajibu tena, na hapo nimeokoa muda wa pande zote mbili. Kwenye daftari nina ukurasa mmoja kwa kila kitu, nikiona kasoro naiandika siku ile ile na saa yake, maana nimegundua kasoro ikikaa siku tatu bila kuandikwa huwa inaanza kupata visingizio. Siku ya kuandika nafungua ule ukurasa na kila kilichomo kinaingia. Kugawa kwa wasomaji pia nimeacha, lile shindano la like na ushea ujishindie, kwa sababu kile kitu hata kama hakibaki kwangu bado kimeniletea watu, na kampuni inalijua hilo vizuri. Na baada ya miezi sita narudi kuongeza aya, kama nilikirudisha nawauliza wasomaji waliokinunua wao chao kikoje. Hizo aya za miezi sita ndizo zinazosomwa kuliko zote, sikutegemea.

Kuna safari pia, na mialiko ya hoteli, na linki za kamisheni ambazo kwangu ni mzigo mwingine kabisa maana pale unalipwa mtu akinunua na hulipwi akiahirisha, ila muda umeniishia na hilo linataka siku yake.

Nirudi kwa yule msomaji. "Zako bado ziko sawa?" Nilikaa na ile meseji siku nne. Siku ya kwanza niliandika jibu refu lenye maelezo ya jinsi ya kukunja vizuri, nikalifuta. Siku ya nne nikamwandikia kwamba hapana, zangu zilipata ufa wiki ya tatu kabla hata sijaandika rivyu, nikaletewa nyingine, na sikukwambia, na nilipaswa kukwambia. Akajibu neno moja, "Asante." Hajaniandikia tena tangu siku hiyo na sijui kama bado ananisoma. Ile rivyu bado ipo, ukiifungua leo aya ya bawaba ndiyo ya kwanza, nimeweka tarehe niliyoiona na tarehe niliyoiandika, na kati ya hizo tarehe mbili kuna zaidi ya miezi miwili.